MASHINI YA SUMAKU INAYOONA NDANI YA KICHWA



Wengi wanaokuja katika lopitalo wanajua radio, mashini inayopiga foto ya mifupa. Wamama wengi wanajua ekografi, inayotazama mutoto tumboni. Lakini kuna mashini nyingine ambayo wengi hawajaiona, na waliosikia habari zake wanaiogopa. Wanganga wanaiita IRM. Ni mashini ya sumaku. Inaona ndani ya mwili, na zaidi ndani ya kichwa, bila kisu na bila damu.

Utauliza: "Habari hii inanifaa nini, mimi ninayekaa mbali na miji mikubwa?" Inakufaa kwa sababu mbili. Ya kwanza, siku moja munganga anaweza kukutuma, wewe au mutoto wako, kwa mashini hii, na kuna mambo ambayo lazima umwambie mbele ya kuingia. Ya pili, katika Afrika yetu watu wenye elimu wanatafuta namna ya kuifanya kuwa ndogo na rahisi, na mwanzo wa kazi hiyo ni ugonjwa wa watoto unaoonekana katika vijiji vingi. Tuanze na ugonjwa huo.

1. UGONJWA WA MAJI KICHWANI

Ndani ya ubongo wa kila mutu kuna vyumba vidogo 4. Vina maji meupe, safi kama maji ya chemchemi. Maji haya si ugonjwa. Ubongo unayatengeneza kila siku. Kwa mutu mukubwa ni karibu nusu lita kwa siku. Yanatoka chumba kwa chumba kwa njia nyembamba, yanazunguka ubongo na uti wa mugongo, kisha yanarudi katika damu. Kazi yake ni kulinda ubongo usigonge mifupa ya kichwa.

Kama njia imezibwa, maji hayana pahali pa kupita, lakini ubongo unaendelea kutengeneza mengine. Fikiri mufereji wa shamba uliozibwa na majani: maji yanapanda, yanafurika, yanaharibu mimea. Vivyo hivyo vyumba vya ubongo vinajaa na kupanuka, na nyama ya ubongo inasukumwa na kubanwa. Mifupa ya kichwa cha mutoto mudogo haijashikamana bado, kwa hiyo kichwa chote kinakuwa kikubwa.

Ni nini inayoziba njia? Watoto wengine wanazaliwa hivyo. Wengine wanazaliwa na kidonda cha uti wa mugongo, na maji kichwani yanafuata. Lakini kwa wengi sababu ni vidudu. Munganga Benjamin Warf alifanya kazi katika lopitalo ya watoto ya CURE, katika muji wa Mbale, Uganda. Katika mwaka 2005 aliandika habari za watoto 300 wenye ugonjwa huu. Kwa watoto 60 katika kila 100, ugonjwa ulikuja nyuma ya vidudu kuingia ubongoni, na wengi wao waliugua homa hiyo katika mwezi wa kwanza wa maisha. Katika mwaka 2020 watu wenye elimu walitangaza ya kuwa, katika maji ya ubongo ya watoto wengi wa Uganda wa namna hii, walikuta kidudu kinachoitwa Paenibacillus.

Basi usiseme ni ulozi wa jirani. Usiseme ni kosa la mama. Ni njia ya maji iliyozibwa. Kumukata mutoto chale juu ya kichwa, ao kumuchoma, hakufungui njia hiyo. Kunamuongezea vidonda tu, na siku zinapotea.

Angalia dalili hizi:

(a) Kichwa kinakua upesi kuliko mwili.
(b) Pahali palaini pa utosi pamevimba na pamekazana, hata mutoto anapokaa bila kulia.
(c) Mishipa ya damu inaonekana wazi juu ya kichwa.
(d) Macho yanatazama chini, kama jua linaloshuka.
(e) Mutoto anatapika mara kwa mara, hanyonyi vizuri, analia kwa sauti kali ao analala kupita kiasi.

Infirmie anaweza kupima kichwa kwa utepe. Mutoto anapozaliwa, kuzunguka kichwa ni karibu santimetre 35. Katika miezi 3 ya kwanza kinaongezeka karibu santimetre 2 kila mwezi, kisha kinakawia zaidi. Kikipita kipimo hiki sana, umupeleke mutoto mara moja. Usingoje mavuno, wala usingoje baba arudi safarini. Ubongo uliobanwa muda murefu haurudi wote kama ulivyokuwa.

Katika lopitalo kubwa wanganga wana njia mbili za kusaidia. Ya kwanza ni kuweka mupira mwembamba chini ya ngozi, kutoka kichwani mpaka tumboni, ili maji yapite. Mupira huo unasaidia, lakini unaweza kuzibwa ao kuingiwa na vidudu, na mutoto anayekaa mbali na lopitalo ni katika hatari kubwa siku hiyo. Njia ya pili ni kupitisha chombo chembamba chenye taa ndani ya ubongo, kutoboa tundu dogo ili maji yapate njia nyingine, na kuchoma sehemu ya nyama inayotengeneza maji. Munganga Warf aliifanya njia hii ya pili kwa watoto wengi wa Mbale. Katika mwaka 2017 yeye na wenzake walitangaza matokeo ya kulinganisha njia hizi mbili kwa watoto 100. Nyuma ya miezi 12, akili za watoto wa makundi mawili zilikuwa karibu sawasawa.

Lakini munganga asipoona ndani, atajuaje pahali palipozibwa, na ubongo uliobaki ni kiasi gani? Inafaa apate foto. Ekografi inasaidia wakati pahali pa utosi pangali wazi. Mifupa ikifungana, haioni vizuri. Skaneri inaona vizuri, lakini inatumia mwangaza wa namna ya radio, na mwangaza huo haufai kurudiwa mara nyingi juu ya kichwa cha mutoto mudogo. Na mutoto mwenye ugonjwa huu atapigwa foto mara nyingi. Ndiyo sababu wanganga wanapenda mashini ya sumaku.

2. SUMAKU INAONA KWA NAMNA GANI?

Mutoto akiweka sindano ya dira juu ya meza, inageuka kwa upande mumoja, kwa sababu dunia yenyewe ni sumaku. Sasa ujue neno la ajabu: katika kila tone la maji kuna vitu vidogo vingi sana, visivyoonekana kwa macho, na kila kimoja kinafanya kama sindano ndogo ya dira inayozunguka kama pia ya watoto. Zaidi ya nusu ya uzito wa mwili wako ni maji. Kwa hiyo umejaa sindano hizi toka utosi mpaka vidole vya miguu. Siku zote zinatazama huku na huku bila utaratibu.

Mashini inafanya kazi hivi:

Kwanza, unalazwa ndani ya sumaku yenye nguvu. Sehemu ndogo ya sindano zile inafuata upande wa sumaku. Husikii neno lolote mwilini.

Pili, mashini inatuma sauti ya radio. Si ile radio ya lopitalo inayopiga foto ya mifupa, bali ni namna ya mawimbi yanayoleta habari na nyimbo nyumbani kwako. Sindano zinaitika kwa wimbi moja tu, kama radio yako inavyoshika kituo kimoja ukigeuza kifungo vizuri. Wimbi linazisukuma, zinainama.

Tatu, wimbi linanyamaza. Sindano zinarudi pahali pake, na zikirudi zinatoa sauti yao wenyewe, dogo sana. Mashini inasikiliza sauti hiyo.

Ine, maji yote hayarudi kwa mwendo mumoja. Maji yaliyo ndani ya nyama ya ubongo yanarudi upesi. Maji huru ndani ya vyumba vya ubongo yanakawia. Kwa hiyo mashini inaweza kupambanua nyama na maji, na katika foto moja inakuwa nyeupe, nyingine nyeusi.

Lakini mashini inajuaje sauti inatoka pahali gani? Fikiri kwaya. Mwalimu akipanga waimbaji kwa mustari, wenye sauti nene upande wa kushoto na wenye sauti nyembamba upande wa kuume, hata kipofu atajua nani anasimama wapi, kwa kusikia tu. Mashini inafanya vile vile. Inafanya sumaku kuwa na nguvu kidogo zaidi upande mumoja kuliko mwingine. Basi maji ya upande huu yanaimba kwa sauti nyembamba, na maji ya upande ule kwa sauti nene. Ordinateri inapanga sauti zote na kuzigeuza kuwa foto.

Elimu hii haikupatikana siku moja. Katika mwaka 1946 Felix Bloch na Edward Purcell, kila mumoja na watu wake katika Marekani, walisikia sauti ya sindano hizi mara ya kwanza katika maji na vitu vingine. Walipewa zawadi ya Nobel katika mwaka 1952. Katika mwaka 1973 Paul Lauterbur alionyesha namna ya kutengeneza foto kwa sauti hizo. Foto yake ilikuwa ya vyupa viwili vyembamba vyenye maji. Katika Uingereza Peter Mansfield alivumbua namna ya kupiga foto upesi. Hawa wawili walipewa zawadi ya Nobel katika mwaka 2003. Tarehe 3 mwezi wa saba 1977, Raymond Damadian na wasaidizi wake walipiga foto ya kifua cha mutu muzima. Kazi ya foto ile moja ilipita karibu saa 5. Siku hizi mashini kubwa inapiga foto nyingi katika nusu saa.

3. MAARIFA YALIYOPATIKANA KATIKA BLANTYRE

Mashini hii haisaidii mugonjwa mumoja tu. Inasaidia wanganga kujifunza sababu ya kifo, ili watafute dawa. Utapata mufano mukubwa katika inchi ya Malawi.

Wazazi wote wanaijua malaria inayopanda kichwani. Mutoto anashikwa na homa, anatetemeka, kisha anapoteza fahamu. Anapewa dawa inayoua vidudu vya malaria, na hata hivyo wengine wanakufa. Kwa sababu gani? Wanganga walibishana miaka mingi, maana hawakuweza kuona ndani ya kichwa cha mutoto anapokuwa hai.

Katika lopitalo ya Queen Elizabeth, katika muji wa Blantyre, kuliwekwa mashini ya sumaku. Munganga Terrie Taylor na wenzake walipiga foto ya ubongo wa watoto walioletwa bila fahamu. Katika mwaka 2015 walitangaza habari za watoto 168. Watoto 25 walikufa. Katika hao 25, watoto 21 walikuwa na ubongo uliovimba sana wakati walipofika. Katika wale 143 waliopona, wenye uvimbe wa namna hiyo walikuwa 39 tu, na foto zilizofuata zilionyesha uvimbe wao ukipunguka. Basi wanganga wakaelewa: ubongo unavimba, hauna nafasi ndani ya mifupa, unabana pahali panapoongoza pumzi, na mutoto anaacha kupumua. Sasa wanajua kitu cha kupigana nacho. Maarifa haya yalipatikana kwa sababu wazazi wa Malawi, katika siku ya uchungu, walikubali watoto wao wapigwe foto.

4. MASHINI KUBWA NA SHIDA ZAKE

Kama mashini hii ni nzuri namna hii, kwa nini haipatikani katika kila lopitalo?

Mashini ya kawaida katika miji mikubwa ina sumaku yenye nguvu kupita sumaku ya dunia zaidi ya mara 30,000. Sumaku hiyo ni waya zinazopitisha umeme, na waya hizo lazima zikae katika baridi kali sana, digri 269 chini ya sifuri. Baridi hiyo inatoka kwa helium, nayo inaletwa toka mbali na bei yake ni kubwa. Frigo yake inataka umeme muchana na usiku. Chumba kinafunikwa na madini pande zote ili mawimbi ya inje yasiingie. Na mashini ikiharibika, fundi anatoka mbali, pengine inchi ya ngambo. Lopitalo inayopata umeme kwa saa chache tu haiwezi kuilinda.

5. MASHINI NDOGO YA MBARARA

Mbarara ni muji wa Uganda, upande wa magharibi. Kuna chuo kikubwa cha elimu pale. Mwalimu mumoja wa chuo hicho, Johnes Obungoloch, pamoja na watu wenye elimu wa Marekani na Uholanzi, walijiuliza: "Lazima sumaku iwe na nguvu nyingi namna ile? Kwa kuona maji kichwani, haitoshi sumaku ndogo?"

Wakachukua njia nyingine. Kuna sumaku ambazo hazitaki umeme wala baridi, kama kile kipande kinachofunga mulango wa frigo, lakini zenye nguvu zaidi. Ukizipanga kwa muviringo na kugeuza kila moja kwa upande unaofaa, nguvu zao zinakutana katikati, na inje inabaki kidogo tu. Mupango huu unaitwa kwa jina la Klaus Halbach, aliyeueleza.

Katika mwaka 2022 vipande vyote, na vyombo vya kazi, vilipelekwa kwa ndege toka Uholanzi mpaka Uganda. Walimu 4 walifundisha watu 6 ambao hawakuwa wamefanya kazi hiyo mbele. Walipima sumaku ndogo moja moja, maana nguvu zao hazilingani. Walizipanga katika pete 23. Walisogeza pete karibu ao mbali kidogo kidogo mpaka nguvu ikawa sawasawa katikati. Walizungusha waya za shaba, wakaweka yote juu ya kigari chenye magurudumu. Toka siku vipande vilipofika mpaka foto ya kwanza zilipita karibu siku 11.

Sumaku ya mashini hii ni ndogo kuliko ya mashini ya kawaida karibu mara 30. Haitaki helium. Inasukumwa kwa magurudumu mpaka kitandani. Na jambo kubwa kupita yote: watu walioitengeneza kwa mikono yao wanajua ndani yake, na wanaweza kuitengeneza tena ikiharibika. Katika Marekani pia kampuni moja imetengeneza mashini ndogo yenye magurudumu, na serikali ya kule iliiruhusu katika mwaka 2020.

Lakini tusifiche shida. Sumaku ikipunguka, sauti ya maji mwilini inapunguka pia, kama mutu anayenong'ona sokoni. Foto haina uwazi kama ile ya mashini kubwa. Mawimbi ya waya za umeme na mashini nyingine yanaingia na kuharibu. Tena sumaku za namna hii zinalegea kidogo chumba kikipata joto, na asubuhi na adhuhuri kipimo si kimoja. Watu wenye elimu wanaendelea kupigana na shida hizi.

6. FOTO NZURI INAWEZA KUDANGANYA

Hapa kuna fundisho ambalo halihusu wanganga tu.

Siku hizi ordinateri inaweza kuchukua foto yenye ukungu na kuifanya iwe wazi. Imefundishwa kwa foto nyingi za ubongo, na pahali pasipoonekana inajaza kwa kukisia. Watu wenye elimu walitaka kujua kama jambo hili ni salama kwa watoto wenye maji kichwani. Walionyesha foto za namna mbalimbali kwa wanganga wenye ujuzi wa kupasua watoto hawa. Katika mwaka 2021 walitangaza matokeo. Foto yenye ukungu, kama ukungu si mwingi sana, inaweza kutosha kwa kupanga matibabu. Lakini foto zilizopambwa na ordinateri zina hatari: zinaweza kuonyesha kitu kisichokuwapo, ao kuficha kitu kilichopo, na munganga ataziamini kwa sababu zinapendeza.

Shahidi anayesema "sikuona vizuri" ni bora kuliko shahidi anayejaza habari kwa kukisia. Basi usikasirike kama munganga anakuambia, "Foto hii haitoshi, turudie." Anamulinda mutoto wako.

7. VITU VINAVYOWEKWA MWILINI

Watu wengine wana kitu kilichowekwa mwilini na wanganga: chuma cha kushikamanisha mufupa, kile chombo kidogo kinachosaidia moyo kupiga, ao mupira wa kichwani tuliousema. Watu wanaotengeneza vyombo hivi lazima wavipime kwa mashini ya sumaku mbele ya kuvitoa kwa watu. Wanauliza maulizo matatu: Je, sumaku itakivuta ao kukigeuza? Je, mawimbi ya radio yatakitia joto na kuunguza nyama? Je, kitaharibu foto?

Nyuma ya kupima, chombo kinapewa alama. Alama ya rangi ya majani mabichi yenye pembe 4: ni salama. Alama ya manjano yenye pembe 3: ni salama kwa masharti yaliyoandikwa. Alama ya muviringo mwekundu wenye mustari: kisiingie kamwe. Zamani mutu mwenye chombo cha moyo hakuruhusiwa kuingia. Watengenezaji walibadilisha waya na vipande vya ndani, na katika mwaka 2011 serikali ya Marekani iliruhusu chombo cha kwanza cha moyo chenye kuingia kwa masharti.

Kwa mupira wa kichwani, ujue hivi: mipira mingine ina mulango mudogo unaogeuzwa kwa sumaku toka inje, ili maji yapite mengi ao machache. Mashini kubwa inaweza kuugeuza mulango huo bila mutu kujua. Kwa hiyo munganga ataupima nyuma ya foto. Tunza karatasi inayotaja aina ya chombo ulichowekewa, uilinde na mvua na panya kama unavyolinda karatasi ya kuzaliwa.

8. MBELE YA KUINGIA

Sumaku kubwa haizimwi foto ikiisha. Inavuta muchana na usiku. Katika mwaka 2001, katika lopitalo moja ya Marekani, mutu aliingiza chupa ya chuma yenye hewa ya kupumua katika chumba cha mashini. Sumaku iliivuta kwa nguvu, ikamupiga kichwani mutoto wa miaka 6, naye akafa. Basi fanya hivi:

(a) Toa vitu vyote vya chuma: funguo, feza, kisu, saa, telefone, pini za nguo na za nywele, mukaba, na chochote kilichofungwa kiunoni ao shingoni.
(b) Sema wazi kama una chuma mwilini. Kama ulipigwa risasi ao bomu, hata miaka mingi imepita, sema. Kipande kinaweza kubaki. Kama ulifanya kazi ya kuchonga chuma na cheche iliingia jichoni, sema.
(c) Mama mwenye mimba aseme.
(d) Usishituke kwa kelele. Mashini inagonga kama nyundo juu ya bati. Watakupa kitu cha kuziba masikio.
(e) Usitikisike. Mutoto mudogo anyonyeshwe, afungwe katika kitambaa, alale. Mara nyingi inatosha. Lakini kama munganga anataka kumupa dawa ya usingizi, asinyonye mpaka waseme. Fuata neno lao.

9. WAKIKUOMBA RUHUSA

Pengine munganga atakuambia, "Tunataka kupiga foto ya mutoto wako ili tujifunze ugonjwa huu," ao, "Tunataka kujaribu mashini mupya." Ni neno la heshima. Bila wazazi wa Blantyre na wa Mbale tusingejua tunayojua leo. Lakini una haki ya kuuliza:

Foto hii ni kwa kumutibu mutoto wangu, ao kwa kujifunza tu? Kuna hatari gani? Nani atalipa? Jina la mutoto litafichwa? Mutakayoyaona, mutaniambia?

Ukikubali, unaweza kubadili mawazo yako kesho. Ukikataa, lazima mutoto atibiwe sawasawa na wengine. Mutu anayekutisha ao kukununua kwa zawadi ili ukubali, hatendi vizuri. Na kama hujui kusoma, uombe mutu unayemwamini akusomee karatasi yote mbele ya kuweka kidole.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Mashini ya sumaku haiponyi ugonjwa. Ni jicho tu. Kazi ya kwanza ni ya muzazi: kuona kichwa kinachokua upesi, na kutoka nyumbani siku ile ile.

Kazi nyingine pia ni ya nyumbani. Mama azalie pahali safi, kitovu kikatwe kwa wembe mupya, mikono ioshwe kwa sabuni. Mutoto wa mwezi mumoja mwenye homa, ao asiyenyonya, apelekwe bila kungoja kesho, maana homa hiyo inaweza kuziba njia ya maji ya ubongo. Na mwanamuke apate dawa ya asidi foliki mbele ya mimba na katika miezi ya kwanza, ili mutoto asizaliwe na kidonda cha mugongo.

MAULIZO

1. Maji ya ubongo yana kazi gani, na yanakuwa ugonjwa wakati gani?
2. Taja dalili 3 za maji kichwani.
3. Mashini ya sumaku inajuaje sauti inatoka pahali gani?
4. Wanganga wa Blantyre walijifunza nini juu ya malaria ya kichwani?
5. Kwa nini foto iliyopambwa inaweza kuwa na hatari?
6. Utamwambia munganga mambo gani mbele ya kuingia?
7. Je, katika kijiji chenu kuna mutoto ambaye kichwa chake kinakua upesi? Nani atamwendea mama yake leo?